Dumu kutoka Kampala, dhahabu kutoka Ituri: Nani atakarabati chuma cha Bunia?

Asubuhi ya Bunia huanza na madumu. Kuanzia Mudzipela hadi Bankoko, kwenye mabomba na chemchemi, madumu ya njano ya lita 20 hupangwa mstari kabla jua halijachomoza, na wenyewe, wengi wao wanawake na watoto, husubiri zamu. Wakazi huyaita bidoni. Ukiligeuza dumu moja utaona mstari mwembamba unaoshuka ubavuni hadi chini ya kitako. Hapo ndipo zilipokutana nusu mbili za kalibu, yaani umbo la chuma linaloipa plastiki sura yake. Mara nyingi hapo ndipo dumu huanzia kuvuja.

Dumu jipya lenye mstari mnene, wenye makali yanayokwaruza kiganja, ni dalili kwamba kalibu iliyolizaa imechakaa. Mnunuzi hana habari hiyo. Likivuja atalipeleka kwa fundi anayeziba plastiki kwa kisu kilichopashwa moto, atalipa faranga chache, na siku itaendelea. Lakini huko kiwandani, ambako kwa soko la Bunia mara nyingi ni Uganda, mwenye mali ana uamuzi mgumu zaidi: anunue kalibu mpya kwa maelfu ya dola, au amtafute mtu wa kuijaza ile iliyolika. Teknolojia inayoufanya uamuzi wa pili uwezekane kwa kazi nyeti ni kuchomelea kwa leza.

Mashine za aina hiyo sasa si siri ya Ujerumani na Japani tu. Bei za mashine zinazotengenezwa China zimeshuka mno, na video zake zinasambaa kwenye simu za mafundi kuanzia Kamukunji ya Nairobi hadi Katwe ya Kampala, na hadi kwenye karakana za Bunia. Swali linalofuata ni la kiuchumi kuliko la kiufundi. Je, mji huu wenye dhahabu chini ya ardhi na mafundi wengi juu yake unaweza kuingia katika biashara ya kukarabati chuma kwa usahihi, au utaendelea kununua dumu lililokamilika na kuuza dhahabu ghafi?

Kazi inayofanyika chini ya hadubini

Kalibu ya beseni au kiti cha plastiki ni pande la chuma kigumu lililochongwa kwa usahihi wa sehemu ndogo za milimita. Plastiki iliyoyeyuka husukumwa ndani kwa shinikizo kubwa, ikapoa, kalibu ikafunguka, beseni likaanguka. Mzunguko huo hurudiwa mamia ya mara kwa siku. Baada ya mizunguko laki kadhaa, kingo zinazokutana hulika, plastiki hupenya katikati yake na kuacha utando kwenye bidhaa. Wakati mwingine hasara huja kwa dakika moja: mfanyakazi amesahau bisibisi ndani, mashine imefunga, kona ya kalibu imemeguka.

Njia ya zamani ya kuziba jeraha hilo ni kuchomelea kwa umeme, hasa kwa mbinu ya TIG. Inafanya kazi, ila ina gharama yake. Vyuma vya kalibu, kama vile P20 na H13, ni vya aina inayokuwa migumu inapopashwa moto na kupozwa ghafla. Ukichoma sehemu moja huku pande zima likiwa baridi, unaweza kupata ufa pembeni mwa kiraka chako. Kwa hiyo fundi hulazimika kulipasha pande zima hadi nyuzijoto mia kadhaa, achomelee, kisha alipoze polepole. Akimaliza, umbo huenda limejikunja kidogo, na kidogo hicho kwa kalibu ni kingi. Hurudishwa kwenye mashine ya kuchonga, na siku zinapita kiwanda kikiwa kimesimama.

Leza inayotumika kwa kazi hii hupiga kwa mapigo mafupi, kila pigo likidumu milisekunde chache. Doa linaloyeyushwa huwa na upana wa chini ya milimita moja hadi karibu milimita mbili. Fundi hukaa kwenye kiti, macho kwenye hadubini, mkono mmoja umeshika waya wa kujazia wenye unene wa milimita 0.2 au 0.4 hivi, mguu uko kwenye kanyagio. Kila akikanyaga, tone dogo la chuma hukaa juu ya lililotangulia, tone juu ya tone, kama magamba ya samaki wa Ziwa Albert. Hewa ya argoni hupulizwa mahali hapo ili chuma kilichoyeyuka kisiungue kwa oksijeni. Kwa kuwa joto ni la papo kwa hapo na eneo ni dogo, pande lililobaki halipati moto wa kutosha kujikunja, na kwa kazi nyingi ndogo hakuna haja ya kulipasha kwanza. Kinachofuata ni tupa, jiwe la kunolea na kusugua mpaka kiraka kisionekane.

Si dawa ya kila ugonjwa. Ni kazi ya polepole, na kona kubwa iliyomeguka bado hujazwa haraka zaidi kwa TIG. Waya usiolingana na chuma cha kalibu huacha alama ambayo itaonekana kwenye kila beseni litakalotoka. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: kalibu nyingi za madumu na chupa, ambazo hutengenezwa kwa kupuliza hewa ndani ya plastiki laini, ni za alumini, zikiwa na vipande vya chuma kigumu kwenye kingo tu. Alumini huakisi mwanga na kusambaza joto upesi, kwa hiyo kuichomelea kwa leza kunataka mashine yenye nguvu inayofaa na mkono uliokwisha kuharibu vipande vingi vya mazoezi.

Mashine mbili, jina moja

Hapa ndipo mafundi wengi wa ukanda huu wanaweza kupoteza fedha. Mashine inayoonekana kwenye video, ile yenye bastola ya kushika mkononi inayounganisha mabati kwa mstari unaong'aa, ni leza pia, lakini si ya kalibu. Hutoa mwanga mfululizo wa wati 1,000 hadi 2,000 na ni nzuri kwa matangi ya chuma cha pua, vifaa vya jikoni, milango na reli za ngazi. Mashine ya kalibu ina hadubini, meza inayosogea kwa vipimo vidogo, na mapigo yanayopimwa moja moja. Bei zake ni tofauti na ujuzi wake ni tofauti. Fundi akinunua ya kwanza akitumaini kufanya kazi ya ya pili, atakuwa amejinunulia mashine ya madirisha kwa bei ya juu.

Kuna pia suala la macho, ambalo kwa Bunia si dogo. Karakana nyingi za mji, kama ilivyo karibu kote Afrika Mashariki, ziko barazani, kando ya njia, watoto wakipita. Fundi aliyezoea fito za umeme huvaa miwani ya jua, na usiku macho yakiwasha kama yameingia mchanga, asubuhi huwa amepona. Mwanga wa leza hizi una urefu wa mawimbi wa takribani mikromita moja. Jicho halioni mwanga huo, na ziko katika daraja la 4, la hatari kubwa kuliko yote kwenye viwango vya kimataifa. Mwako unaoakisiwa na bati linalong'aa unaweza kuunguza nyuma ya jicho moja kwa moja, na hilo halina asubuhi ya kupona. Bastola ya leza kwenye baraza la wazi katikati ya mji ni ajali inayosubiri siku yake, na mamlaka za mkoa hazitapoteza chochote zikilisema hilo mapema, kabla mashine hazijawa nyingi.

Chuma kinachochakaa Ituri

Ni rahisi kusema Bunia haina viwanda vya plastiki vya kulinganishwa na Mukwano au Nice House of Plastics vya Kampala, hivyo leza ya kalibu haina kazi huko. Ukweli huo ni nusu. Mkoa una chuma kingi kinacholika kila siku, ila kinalikia mahali pengine: mgodini, mtoni na kwenye mashine za chakula.

Dhahabu iligunduliwa eneo la Kilo mwaka 1903, na mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, mama wa shirika la serikali linaloitwa leo SOKIMO. Zaidi ya karne moja baadaye, uchimbaji mwingi wa Ituri, kuanzia Mongbwalu hadi Nizi, uko mikononi mwa wachimbaji wadogo. Mawe yao ya kwarizi husagwa kwa mashine zenye nyundo za chuma zinazolika kwa kasi ya kuudhi. Fundi huzijaza kwa fito ngumu za umeme, zinatumika tena, zinarudi. Hapo leza haina nafasi na haihitajiki. Nyundo ya kusagia haitaki usahihi, inataka chuma kingi kwa bei ndogo, na mafundi wa Bunia wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko mwalimu yeyote atakayetoka nje.

Nafasi iko hatua moja juu ya hapo. Mhimili wa pampu ya maji uliolika mahali pa muhuri. Kiti cha vali. Skrubu ya mashine ya kukamua mafuta. Muhuri wa kugonga jina kwenye mche wa sabuni. Kalibu ya chupa kwa yeyote anayejaza maji ya kuuza. Ncha ya pangaboi la turbini iliyotafunwa na mchanga wa mto. Vipande hivi ni vidogo, vya thamani, na vikiharibika husimamisha kitu kikubwa. Leo hii kimoja kikifa, mwenye nacho ana njia tatu: aagize kipya, asubiri kipite mpakani, au akipeleke kwa fundi wa Uganda na kukirudisha. Leza hiyohiyo inayojaza kalibu, au ndugu yake anayepuliza unga wa chuma badala ya waya, hutumika katika nchi zenye migodi mikubwa kurudishia mihimili na mitungi ya mashine vipimo vyake vya awali.

Wateja wa kazi hiyo hawako mbali sana. Katika mkoa jirani wa Haut-Uele uko mgodi wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013, ambao Barrick na AngloGold Ashanti wana asilimia 45 kila mmoja na SOKIMO asilimia 10. Mgodi wa ukubwa huo una pampu, vinu na mitambo isiyohesabika. Sheria ya Kongo ya Februari 2017 kuhusu kandarasi ndogo inazitaka kampuni kubwa zitoe kazi za pembeni kwa kampuni ambazo mtaji wake kwa wingi ni wa Wakongo, na mamlaka inayoitwa ARSP iliundwa kuisimamia. Kwenye karatasi, hilo ni soko lililotengwa. Kwa vitendo, kampuni ya ndani ikishinda kandarasi ya kukarabati mhimili na haina mashine wala fundi wa kuukarabati, itautuma nje na kubaki na asilimia yake ya udalali. Sheria inaangalia hisa ni za nani. Haiulizi mkono uliofanya kazi uko wapi.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, Kibali kwenyewe kuna mfano. Mgodi huo unapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka vituo vitatu vya maji, Nzoro II, Ambarau na Azambi, na kwa mujibu wa kampuni, Azambi kilijengwa na wakandarasi wa Kikongo. Kituo cha umeme si kazi ndogo kuliko kiraka cha mhimili.

Umeme kwanza, halafu chupa ya gesi

Tofauti ni kwamba Kibali kilijijengea umeme wake. Bunia haijafika huko. Kila mjadala wa umeme mjini hurudi kwenye jina moja, Budana, kituo cha maji kwenye mto Shari kilichojengwa enzi za Wabelgiji kulisha migodi ya Kilo-Moto na kurithiwa na SOKIMO. Ni mitambo iliyozeeka katika mji ambao umekua maradufu kwa maradufu, hasa kutokana na watu waliokimbia vita vijijini. Karakana nyingi zinaendeshwa kwa jenereta, na zenye bahati huchanganya na paneli za jua.

Tuchukulie karakana moja inanunua mashine ya leza ya kalibu. Pamoja na kipozeo chake cha maji, mashine ya aina ya zamani inayotumia taa maalumu inaweza kuhitaji kilowati nane hivi. Jenereta ya dizeli hula takribani theluthi moja ya lita kwa kila kilowati kwa saa. Hiyo ni karibu lita tatu kwa saa moja ya kazi kamili, na kazi ya kalibu si ya saa moja. Mashine za kisasa za nyuzi za kioo zinakula kidogo zaidi, kwa sababu hugeuza sehemu kubwa zaidi ya umeme kuwa mwanga. Gharama ya mafuta, hata hivyo, inaweza kuingizwa kwenye bei ya kazi. Kinachoua mashine hizi ni umeme unaopanda na kushuka, pamoja na kipozeo kinachozimika ghafla. Fundi wa fito za umeme akikatiwa umeme hungoja tu. Mwenye leza anaweza kukatiwa umeme akapoteza chanzo cha mwanga, yaani moyo wa mashine yenyewe, na hakuna duka la Boulevard de Libération litakalomuuzia kingine.

Baada ya umeme inakuja argoni. Gesi hiyo hutenganishwa na hewa katika mitambo mikubwa na kusafirishwa katika mitungi mizito ya chuma yenye shinikizo. Si mzigo wa kupakia kwenye ndege ndogo ya abiria. Itakuja kwa barabara, na kwa Bunia neno barabara lina uzito wa kipekee. Barabara ya taifa namba 27, inayotoka Komanda ikapita Bunia na kuelekea Mahagi mpakani, imekuwa kwa miaka mahali pa mashambulizi ya makundi yenye silaha, yakiwemo CODECO, na mara kadhaa magari yamelazimika kwenda kwa misafara ya kusindikizwa na jeshi. Upande wa Komanda kuna tishio la ADF. Ituri imekuwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi, "état de siège", tangu Mei 6, 2021, na tangu Februari 2025 jeshi la Uganda nalo lina wanajeshi mjini Bunia. Uganda na Kongo zilikubaliana kujenga kilomita 223 za barabara mashariki mwa nchi: Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo, na Bunagana hadi Goma. Bunia haimo katika orodha hiyo.

Ukiiweka karakana katika hali hiyo, mtungi mmoja wa argoni uliokwama njiani wiki mbili unatosha kumrudisha mteja Kampala. Ndiyo maana hesabu za wauzaji, zinazoonyesha mashine ikilipa gharama yake baada ya miezi michache, hazifai kusomwa Bunia jinsi zilivyo. Ziliandikwa kwa mji ambao gesi huletwa kwa simu.

Forodha na kipande kinachorudi

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitaki bunduki wala mabwawa kukiondoa, ila karatasi. Mtu wa Bunia anapotuma kalibu au mhimili Uganda kukarabatiwa, kifaa hicho huvuka mpaka mara mbili. Sheria ya forodha ya Kongo ya mwaka 2010 ina utaratibu wa kutoa mali nje kwa muda ili ikafanyiwe kazi na kurudi, ambapo kodi huhesabiwa kwa namna tofauti na ile ya bidhaa mpya. Mfanyabiashara mdogo asiyefuata utaratibu huo wakati kifaa kinatoka, kwa kutoujua au kwa kuogopa milolongo, hana cha kuonyesha kinaporudi. Chuma chake mwenyewe kinatozwa kana kwamba kimenunuliwa jana. Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kuingia huko hakukufuta ofisi zinazomsubiri mwenye mzigo mpakani, na malalamiko ya wafanyabiashara wa Ituri kuhusu wingi wa tozo hayakuanza wala kuisha mwaka huo.

Chama cha wafanyabiashara kinachotaka ushindi wa haraka kingeanzia hapa. Maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili na Kifaransa, yaliyokubaliwa na idara ya forodha, DGDA, na kubandikwa Mahagi na Kasenyi, yangeokoa fedha nyingi zaidi mwaka huu kuliko mashine yoyote ya leza.

Wapo watakaosema kuzungumzia hadubini na mapigo ya mwanga katika mkoa wenye kambi za wakimbizi wa ndani ni anasa. Hoja hiyo ina nguvu mpaka pale pampu ya maji ya kambi inapokufa. Maji ya kambi hutegemea pampu, pampu hutegemea mhimili na muhuri, na kipuri kikikosekana magari ya maji huingia kazini kwa gharama kubwa kuliko kipuri chenyewe. Mashirika ya misaada yananunua vipuri vipya kwa sababu taratibu zao za manunuzi huwaelekeza huko, si kwa sababu vya zamani haviwezi kufufuliwa. Huyo naye ni mteja, na tayari yuko mjini.

Lakini ingekuwa kosa kuanza na leza. Mhimili uliojazwa lazima uchongwe upya, na kwa hilo inahitajika mashine nzuri ya kuchongea na mtu anayejua kusoma kipimo cha sehemu ya mia ya milimita. Bila hivyo kiraka cha leza ni nundu la bei ghali. Karakana ya pamoja yenye mashine ya kuchongea, TIG, tanuri dogo la kupashia chuma na betri za kutuliza umeme ingegharimu pesa nyingi, ila kila kifaa kati ya hivyo kingekuwa na kazi tangu siku ya kwanza. Leza ya mapigo ingeongezwa mwaka wa pili au wa tatu, wateja wakishajulikana.

Watu wa kuiendesha ndio suala gumu zaidi, kwa kuwa mashine hununuliwa kwa siku moja na fundi wa hadubini hupatikana kwa miezi. Kongo ina INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa mwaka 1964. Uganda ina taasisi ya utafiti wa viwanda ya UIRI, ambayo chini yake kuna kituo cha mashine na ufundi kilichojengwa Namanve kwa msaada wa China. Kutoka Bunia, Namanve ni karibu kuliko Kinshasa kwa kila kipimo isipokuwa cha kiutawala. Vijana watano au sita waliokwisha shika fito za umeme kwa miaka, wanaojua kwa jicho tu chuma kimeiva au kimeungua, wangefaa zaidi kupelekwa huko kuliko wahitimu wenye vyeti ambao hawajawahi kuchafua mikono. Mwongozo wa mashine unaweza kuandikwa Kiingereza au Kichina, lakini kwenye meza ya kazi Mganda na Mkongo wataelewana kwa Kiswahili, kama wanavyoelewana mpakani.

Hadi hapo lolote litakapoanza, biashara itaendelea kwa mwendo wake. Dhahabu ya Ituri, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti mara kwa mara kwamba sehemu yake kubwa hupita Uganda kuelekea Dubai bila kuonekana kwenye hesabu za Kongo, itashuka kuelekea mashariki ndani ya mifuko midogo. Kutoka upande ule yatapanda malori ya mabeseni, viti na madumu ya njano. Na katika karakana za kando ya mto Nyamukau, jioni jenereta zikiwaka, nyundo za mashine za kusagia mawe zitakuwa zikijazwa tena kwa fito, tayari kurudishwa Mongbwalu barabara ikiwa wazi.